Kawa Tano na Jicho Lisilolala

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na kitu!

Kitu gani?

— Kimefunikwa!

Na aliyekifunika?

— Hata yeye hakijui!

Haya, sogeeni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kuchutama aketi vizuri, maana hadithi haipendi kukatwa mkia ingali inatembea.

Hapo kale palikuwa na mji uitwao Kiongwani. Mji mzuri, maji yake matamu, watu wake wakarimu. Na walikuwa na ada moja. Ukipika chakula, jirani hanusi tu akaishia kunusa. Unampakulia, unafunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu, unampelekea. Naye akirudisha sahani hairudishi tupu. Ataweka kipande cha muwa, ataweka ndimu mbili, akikosa kabisa ataweka chumvi. Sahani kurudi tupu Kiongwani lilikuwa tusi, tena tusi la kumhamisha mtu mji.

Mshona kawa wa mji alikuwa Bi Tenga. Mjane. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukindu aliuchuma mwenyewe nyuma ya nyumba yake, pale pale alipozikwa mumewe, na kawa zake zilifunika wali wa mji mzima, kuanzia wali wa Jumbe hadi wali wa mchimba kisima.

Na mji ule ulikuwa na mtu mwingine. Aliitwa Fundi Makungu, lakini jina hilo walilisahau, wakawa wanamwita Jicho-Halilali. Kwa nini? Kwa sababu alidai kuona yaliyofichwa. Kilichofunikwa anakiona, kilichofukiwa anakiona, kilicho moyoni mwa mtu anakiona. Huketi, hufumba macho, hutikisa kibuyu, huimba:

*Jicho halilali, jicho halilali,*
*Kwenu ni usiku, kwangu ni mchana!*

Aliyemsifu kuliko wote alikuwa nani? Bi Tenga huyo huyo! Akiwa kisimani anamsifu, akiwa arusini anamsifu, akiwa matangani, Mungu amsamehe, anamsifu.

"Jamani, alimwona mbuzi wangu!"

"Alimwona wapi, mwenzetu?"

"Alisema yuko magharibi."

"Na ulimpata magharibi?"

"Nilimpata mashariki. Lakini alikuwa kageuza uso, anatazama magharibi!"

Wote wakapiga vigelegele. Mnacheka? Msicheke. Ngojeni.

Siku moja Jumbe wa mji, Mwinyikondo, alipata wageni wa sikukuu. Bi Tenga alikwenda nyumbani kwake kupeleka kawa mpya. Akamkuta mke wa Jumbe, Bi Nana, anahangaika na vyungu. Bi Tenga akaiona ile kawa kubwa nyekundu ya Jumbe, ile yenye bitana ya kitambaa, akaipapasa kwa ndani.

"Bi Nana, bitana imeachia mshono hapa. Nipe nikaishone."

"Niache na bitana, Bi Tenga! Wageni wako barazani, wali haujaiva, wewe unanitajia mshono? Baada ya sikukuu."

Bi Tenga akaenda zake. Chakula kikapakuliwa. Sasa Jumbe Mwinyikondo alikuwa na pete ya akiki, pete ya ujumbe, aliyorithi kwa baba na babu. Lakini akila haivai, maana wali wa nazi hunasa kwenye jiwe. Huivua, huiweka popote mkono unapofika, kisha huukabili wali kama mtu anayekabili adui wa ukoo.

Wageni wakala, wakashiba, wakaondoka. Jumbe akatazama kidole. Kidole kitupu!

"Pete! Pete yangu! Pete ya baba yangu!"

Je, walitafuta? Nawauliza nyinyi. Walikunja mkeka? Hawakukunja. Waliinua mto? Hawakuinua. Mtu atafute nini, naye Jicho-Halilali yuko mtaa wa pili?

Fundi Makungu akaitwa. Akaketi, akafumba macho, lakini moja halikufumba sawasawa. Akatikisa kibuyu, akaimba. Kisha akaanza kutaja majina ya waliopita nyumbani siku ile, moja baada ya moja, taratibu, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani.

"Namwona... mleta maji?"

Kimya.

"Namwona... mpasua kuni?"

Kimya.

"Namwona... Bi Tenga?"

Bi Nana akashusha pumzi: "Ah! Na kweli alikuja! Na kawa yetu aliipapasa!"

"Ndiye!" akalia Fundi Makungu. "Namwona wazi! Mkono wake nauona, pete naiona, kiza cha moyo wake nakiona!"

Jumbe akatoa hukumu. Kabla ya sala ya Ijumaa, Bi Tenga ahame Kiongwani. Achukue mkeka wake na sindano yake. Nyumba ibomolewe, na ukindu wake ukatwe.

Habari ikamfikia Bi Tenga anashona. Sindano ikamchoma kidole. Akatazama nyumba. Akatazama kaburi la mumewe. Akatandika msala, akasali, kisha akafungua viganja.

"Ya Rabi, ya ghaibu ni yako peke yako. Mimi nilimpa mtu sifa iliyo yako, nikazunguka nayo kisimani na arusini. Waliposhtakiwa wengine kwa jicho lile nilisema, kama wasingeiba wasingeonekana. Leo nimeonekana mimi, nami sikuiba. Mdomo wangu ndio uliomjenga, na sasa nyumba yangu ndiyo inayobomolewa. Nisamehe, Mola wangu. Na ukishanisamehe, nipe akili."

Akajifunga kanga kiunoni, huyoo, mpaka barazani kwa Jumbe. Watu wamejaa. Fundi Makungu amekaa kwenye zulia, anakula halua.

"Shikamoo, Jumbe wangu."

"Marahaba. Umeileta pete?"

"Nimeleta swali. Mwenye duka akitupimia mchele, tunaikagua kwanza pishi yake, isije ikawa imetiwa tako la nta. Leo mnanipima mimi kwa jicho la Fundi Makungu. Jicho hili limekaguliwa na nani?"

Watu wakaguna. Fundi Makungu akacheka, halua ikamkwama. Jumbe akajivuta, akapangusa ndevu.

"Neno hilo si baya. Nitalikagua mwenyewe. Mimi ni mtu wa kupima mambo. Likishindwa, utabaki. Likishinda, usinililie."

Jumbe akaingia ndani, akachagua kitu, akakifunika kwa kawa, akakileta barazani. Fundi Makungu akafumba macho. Akatikisa kibuyu.

*Jicho halilali, jicho halilali,*
*Kwenu ni usiku, kwangu ni mchana!*

"Naona miiba," akasema. "Naona kijani. Naona... doriani!"

Jumbe akafunua. Doriani! Watu wakaruka. Vigelegele, vifijo, mzee mmoja akalia machozi. Jamani, doriani! Nyie doriani mnaijua. Harufu yake ilikuwa imeshafika msikitini. Nzi wote wa Kiongwani walikuwa wamekwisha iona, nao hawana kibuyu.

"Ameshinda!" akasema Jumbe.

"Jumbe wangu," akasema Bi Tenga, "kwa heshima zote, hata mimi ningeiona, tena nikiwa na mafua."

Baadhi wakacheka. Jumbe hakupenda.

"Vema. Mara hii kitu kisicho na harufu."

Akatwaa komwe moja, ile mbegu ya kijivu wanayochezea bao. Akaleta kawa tatu. Akaingia ndani peke yake, akaificha komwe chini ya kawa moja, zikaletwa zote barazani. Naye akaja akaketi mbele, macho yamemtoka, shavu limejaa tambuu, anatafuna.

Fundi Makungu akapitisha kiganja juu ya kawa ya kwanza. Jumbe anatafuna, nyam, nyam, nyam. Kiganja juu ya kawa ya pili. Jumbe anatafuna, nyam, nyam, nyam. Kiganja juu ya kawa ya tatu. Jumbe akasita. Shavu limeganda. Hata tambuu ilishika adabu.

"Ni hii!" akasema Fundi Makungu.

Wakafunua. Komwe hiyo hapo!

Sasa watu walitaka kupasua anga. Na tusimwonee mtu, wenzangu. Huenda Fundi Makungu mwenyewe hakujua alichokuwa anakitazama. Mtu akisifiwa sana huacha kujiuliza. Husikia kitu kimemjia, akadhani kimetoka mbinguni, kumbe kimetoka shavuni mwa Jumbe.

"Bi Tenga," akasema Jumbe, "kafungashe."

Bi Tenga alikuwa hatazami kawa. Alikuwa anatazama tambuu.

"Jumbe wangu, nijaribu na mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Ficha tena, kisha uje uketi papo hapo ulipokaa."

Jumbe akaficha tena, akaketi, akatafuna. Bi Tenga akapitisha kiganja. Nyam, nyam. Akapitisha. Kimya.

"Hii."

Wakafunua. Komwe hiyo!

Watu wakashika vichwa. "Lahaula! Kumbe Bi Tenga naye ana jicho!"

"Sina jicho!" akafoka Bi Tenga. "Nina macho mawili kama mbuzi, nayo yanamtazama Jumbe. Jumbe wangu, niwie radhi. Mara ya kwanza mlipima pua. Mara ya pili mlipima mdomo wako. Jicho lenyewe bado halijapimwa."

Jumbe akatema tambuu, akanywa maji. Alikuwa mpenda wali na mpenda sifa, lakini hakuwa dhalimu. "Sasa wataka vipi?"

"Nataka asiwepo barazani mtu hata mmoja anayejua komwe iko wapi. Si wewe, si mimi, si Bi Nana. Asiyejua hawezi kusema, hata kwa shavu."

"Na nani aifiche, kama hakuna anayejua?"

"Tufanye kama tunavyofanya kila siku, Jumbe wangu. Sahani hutoka jikoni kwa huyu, ikaingia kwa yule, imefunikwa, na aliyeipokea hajui kama amepewa samaki au maharage. Jirani yetu Bi Mkasi aingie jikoni peke yake. Ziwekwe sahani tano na kawa tano. Aweke komwe chini ya moja, afunike zote, atokee mlango wa uani, aende kwake akae. Kisha aingie jirani mwingine, Bi Time, ambaye hakuona kitu. Asifunue. Azipange upya apendavyo, zilizo mbele ziwe nyuma, za nyuma ziwe mbele, azipitishe dirishani, naye abaki ndani. Bi Mkasi atajua alikoweka, hatajua ilikokwenda. Bi Time atajua alivyopanga, hatajua nini kimo. Na sisi huku hatujui lolote. Anayejua ni Mungu, na huyu anayedai kuona."

Watu wakatazamana. Ada ile ile ya sahani waliyoijua tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuifikiria hivyo.

"Tena tufanye mara tatu, si mara moja. Kuku hudonoa mchanga akapata punje, hatumwiti mganga. Na jambo la mwisho." Akamgeukia Fundi Makungu. "Fundi, utapata ngapi?"

"Zote tatu!" akasema Fundi Makungu, amebinua kifua. "Jicho halibahatishi!"

"Mmesikia, jamani? Zote tatu. Sasa Fundi, taja kila kinachoweza kulizuia jicho lako. Kitaje sasa, tukiondoe. Usije ukakitaja baadaye."

"Paka. Sitaki paka."

Paka wakafukuzwa.

"Hakuna kingine?"

"Mtu asikunje miguu."

Miguu ikanyooshwa, baraza nzima, kama samaki kwenye uchaga.

"Hakuna kingine?"

"Nielekee jua linakochomoza."

Zulia likageuzwa, na halua yake.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna! Leteni!"

Bi Mkasi akaingia, akaweka, akatokea uani. Bi Time akaingia, akapanga, akapitisha dirishani. Kawa tano zikapangwa barazani, na katikati ile kubwa nyekundu ya Jumbe, maana jikoni zilipungua.

*Jicho halilali, jicho halilali,*
*Kwenu ni usiku, kwangu ni mchana!*

Kiganja kikapita. Fundi Makungu akamtazama Jumbe. Jumbe anamtazama yeye. Akamtazama Bi Nana. Bi Nana amekodoa macho, hajui kitu. Akatazama uso huu, akatazama uso ule. Nyuso zote zimekuwa kama sahani zilizooshwa. Jasho likamtoka. Maskini, labda ndiyo mara yake ya kwanza maishani kuwa peke yake na jicho lake.

"Hii."

Tupu. Komwe ilikuwa chini ya kawa ya pembeni.

Watu wakasema, "Jicho linaamka, lipeni nafasi."

Mara ya pili. Akaimba, sauti imepungua.

"Hii!"

Komwe! Loo! Watu wakaruka, ngoma ikapigwa, mtu akaanza kutunga wimbo. Bi Tenga mkono kifuani, midomo inasoma dua.

Mara ya tatu. Akatikisa kibuyu, hakuimba.

"Hii."

Tupu.

"Moja katika tatu," akasema Jumbe.

"Moja si haba!" wakasema watu. "Nani mwingine angepata hata moja?"

Bi Tenga akaondoka bila neno, akarudi amebeba kuku wake, kishungi cheupe, shingo tupu, jina lake Bi Majivuno.

"Huyu."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Jumbe alikuwa amekwisha ingiwa na hamu ya kupima. Akasema, "Aachiwe."

Kuku akapimwa kama Fundi alivyopimwa: Bi Mkasi, Bi Time, dirishani, kawa tano. Kuku akatembea, akajikuna, akapanda juu ya kawa moja akaketi. Wakafunua: tupu. Mara ya pili akapanda nyingine: tupu. Mara ya tatu akatembea, akanya kwenye zulia la Fundi, akaenda akasimama kando ya kawa ya mwisho, akaidonoa.

Wakafunua.

Komwe!

Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Basi na kuku tumpigie ngoma."

Fundi Makungu akasimama, macho mekundu. "Kawa! Ni kawa hizi! Zimetengenezwa na nani? Na huyu mwanamke! Kila kawa kaiwekea shetani!"

"Fundi," akasema Bi Tenga, "nilikuuliza mara tatu. Umetaja paka, umetaja miguu, umetaja jua. Kawa hukuitaja."

"Hii nyekundu ndiyo mama yao! Namwona shetani ndani! Namtoa!" Akaikwapua ile kawa kubwa, akaipiga chini, pwaa! Akaipiga tena, pwaa! Akaipiga mara ya tatu.

Kling'!

Kitu kikachomoka kwenye bitana iliyoachia mshono, kikabiringika, kikazunguka, kikalala mbele ya miguu ya Jumbe.

Pete ya akiki.

Mnajua watu walisema nini? Hebu semeni. Mlidhani walisema, "Bi Tenga hana hatia"? La! Walisema, "Ameipata! Jicho-Halilali ameipata!" Wakamwinua Fundi Makungu juu juu, wakamweka mabegani, wakatoka naye wakiimba, mguu mmoja una kubadhi, mwingine hauna, na yeye huko juu anatabasamu kama mtu anayetaka kuamini.

Barazani wakabaki Jumbe, Bi Nana, Bi Tenga na kuku.

Jumbe akaiokota pete. Akaigeuza. Kwenye jiwe kulikuwa na punje ya wali, imekauka. Wali wa nazi. Jumbe akaitazama punje, akautazama mkono wake, akalitazama tumbo lake.

"Nilikuwa nimeianza sahani," akasema polepole. "Pete ikanasa wali. Nikaivua, nikaiweka... kawa ilikuwa kando yangu, imelazwa chali. Bi Tenga, hakuna aliyeiba. Ni mimi na ulafi wangu. Na nilikuwa nakuhamisha wewe."

"Na mimi nilikwambia baada ya sikukuu," akasema Bi Nana, uso chini.

"Tumekosa wote," akasema Bi Tenga, "na mimi ndiye niliyeanza kumpigia vigelegele. Nyumba yangu je?"

"Nyumba ni yako, ukindu ni wako. Na mji huu mtu hatashtakiwa tena kwa jicho."

Siku ya pili Bi Nana alimpelekea Bi Tenga sahani ya wali wa nazi na kuku wa kupaka, imefunikwa. Bi Tenga akahakikisha kwanza kuwa si ndugu yake Bi Majivuno, ndipo akala. Akaosha sahani. Akairudisha, na hakuirudisha tupu. Ndani aliweka sindano na uzi mwekundu.

Mwadhani imekwisha? Bado mkia.

Siku ile ile watu walianza kubisha hodi kwa Bi Tenga. Wakasema, mwanamke huyu alimwona Jicho-Halilali mpaka ndani. Basi jicho lake ni kubwa zaidi!

"Bi Tenga, mbuzi wangu amepotea. Yuko wapi?"

"Umemtafuta?"

"La."

"Nenda kamtafute."

Akaja mwingine. "Bi Tenga, kisu changu?"

"Umekitafuta?"

"La."

"Nenda kakitafute."

Jua linaelekea kuzama, akabisha mtu wa mwisho. Amejitanda shuka mpaka puani, anatazama kushoto, anatazama kulia. Mguu mmoja umevaa, mguu mmoja mtupu.

"Bi Tenga," akanong'ona Fundi Makungu, "jana waliponibeba... hukuliona kubadhi langu?"

Bi Tenga akasogeza ukindu pembeni, akampa kigoda aketi.

"Umelitafuta, Fundi?"

Basi hapo ndipo nilipofunua, na hapo ndipo ninapofunika. Sahani yangu imekwisha. Ikiwa imewakolea, wapakulieni majirani. Ikiwa haikukolea chumvi, nirudishieni sahani yangu, lakini jamani, isirudi tupu.

— Haitarudi!